Kuvu ya Darini Huanzia Jikoni

Kila mwaka, baridi ya Minnesota inapoanza kulegea mwezi wa Februari au Machi, mafundi wa paa wa Minneapolis hupigiwa simu na wenye nyumba wanaolalamika kwamba paa linavuja. Fundi hupanda, akakagua vigae vya lami kimoja kimoja, asione tundu. Mara nyingi tundu halipo. Maji yale hayakutoka mawinguni. Yalitoka bafuni, jikoni na katika pumzi za waliolala, yakapanda yakiwa mvuke, yakaganda kwenye mbao za paa majira yote ya baridi, na sasa yanayeyuka kwa mkupuo. Ukifungua kifuniko cha dari ukamulika tochi, utaona misumari iliyoshika kutu na plaiwudi yenye madoa meusi. Hiyo ndiyo kuvu, na kampuni nyingi za usafishaji zitafurahi kuiondoa kwa maelfu ya dola bila kugusa chanzo chake.

Hesabu yake si ngumu. Hewa ya sebuleni yenye nyuzi 21 za Selsiasi na unyevu wa asilimia 40 huanza kuacha umande inapogusa kitu chenye nyuzi 7 hivi au chini yake. Usiku wa Januari mjini Minneapolis, nyuzi 15 chini ya sifuri si habari; tarehe 30 Januari 2019 zilifika 33 chini ya sifuri. Mbao za paa hupoa karibu sawa na hewa ya nje. Hewa ya sebuleni ikifika huko, lazima iache maji yake, na yakishatua yanageuka jalidi. Misumari ndiyo hutangulia kuwa myeupe, kwa kuwa chuma hupoteza joto haraka kuliko mbao.

Swali la maana basi ni hewa hiyo ilipitia wapi. Hewa ya moto ni nyepesi, hupanda. Nyumba nzima wakati wa baridi huvuta hewa kwa chini na kuisukuma nje kwa juu, usiku na mchana, hata kama hakuna upepo. Dari ya jipsamu inaonekana nzima ukiitazama kutoka kitandani. Ukiitazama kutoka juu, ni chujio: kuna nafasi kuzunguka bomba la choo linalotokeza paani, nafasi kuzunguka dohani, matundu ya nyaya za umeme juu ya kuta za ndani, taa zilizozamishwa darini, na kile kifuniko chenyewe kilicholala bila mpira wowote pembeni. Sufi ya kioo iliyotandazwa juu yake hupunguza upotevu wa joto lakini haizuii hewa kupita. Mafundi wazoefu hufunua sufi na kutafuta sehemu iliyogeuka kijivu au nyeusi, maana vumbi la hewa inayopita hunaswa humo miaka nenda miaka rudi. Palipochafuka, chini yake pana tundu.

Kuvu yenyewe haioti barafuni. Jalidi ni akiba tu. Inapoyeyuka, mbao zikalowa na hewa ya darini ikapata joto kidogo, ndipo inapoota. Mbao yenye maji yaliyozidi kama asilimia 20 ya uzito wake mkavu inatosha. Upande wa paa unaotazama kaskazini kwa kawaida huathirika zaidi, kwa sababu jua la kuukausha ni haba.

Kazi nzuri huanza na tahadhari ambayo wengi huiruka. Nyumba za zamani za huko huweza kuwa na vermikuliti darini, chembe nyepesi za rangi ya fedha au kahawia zinazong'aa. Nyingi zilichimbwa Libby, Montana, ambako madini hayo yalichanganyika na asbesto. Kaskazini-mashariki mwa Minneapolis kulikuwa na kiwanda kilichozichakata kwa miongo kadhaa. Ukizikuta, usizifagie wala kuzigusa. Waite wenye leseni ya asbesto.

Kama hazipo, chumba cha darini hutengwa na nyumba kwa nailoni nene, kisha feni huwekwa ili kuvuta hewa ya darini na kuitoa nje, vumbi la kuvu lisishuke vyumbani. Sufi iliyolowa hufungwa mifukoni na kutolewa. Mbao husafishwa kwa mashine ya kufyonza yenye chujio la HEPA, zikasuguliwa kwa brashi, au zikapigwa kwa chembe za barafu kavu, yaani kabonidioksidi iliyogandishwa hadi nyuzi 78 chini ya sifuri. Chembe hizo hubandua uchafu na kuyeyukia hewani bila kuacha tone la maji, ingawa bei yake ni kubwa. Doa likibaki baada ya hapo si hoja. Rangi iliyozama ndani ya mbao si kuvu hai.

Na jiki? Shirika la Marekani la mazingira, EPA, halipendekezi kuitumia kama desturi katika kazi hii. Kuvu iliyokufa bado inaweza kuwasumbua wenye mzio, kwa hiyo inapaswa kuondolewa, si kuuawa tu. Tena jiki kwa sehemu kubwa ni maji, na maji ndiyo tuliyokuwa tunayakimbia. Kupaka rangi nyeupe juu ya mbao chafu ni kubaya zaidi: kunapendeza siku ya kuuza nyumba.

Sasa sakafu ya darini iko wazi, na hii ndiyo siku ambayo fedha zinapaswa kutumika. Matundu madogo huzibwa kwa povu la kupuliza. Kando ya dohani povu ni marufuku, kwani huungua. Hapo huwekwa bati na silikoni inayostahimili moto. Kifuniko huvishwa mpira na kuhamiwa joto. Bomba la feni ya bafuni, ambalo katika nyumba nyingi limetupwa tu darini, huhamiwa joto na kutolewa nje kupitia paani. Kulielekeza chini ya upenu ni kosa, kwa kuwa upenu ndio unaovuta hewa ya darini, na mvuke utarudi palepale. Kisha mlangoni hufungwa feni kubwa ya kupima mivujo kwa shinikizo la paskali 50, na mtu hupita na moshi mwembamba kutafuta kilichosahauliwa. Nyumba ikishabana, hita ya gesi ipimwe kama bado inatoa moshi wake nje. Kaboni monoksidi ni hatari kuliko kuvu yoyote.

Kuhusu matundu ya paani, nina shaka na imani kubwa yaliyopewa. Kanuni ya eneo moja la tundu kwa maeneo 300 ya sakafu iliingia katika masharti ya shirika la mikopo ya nyumba la Marekani, FHA, mwaka 1942, na ushahidi wake wakati huo ulikuwa mwembamba. Matundu husaidia, na upenu usizibwe na sufi mpya. Lakini feni ya umeme darini, juu ya dari inayovuja, huivuta hewa ya sebuleni kwa nguvu zaidi.

Kinachobaki ni mazoea ya ndani. Kuna Wakenya wengi huko Minneapolis, na sufuria ya maharage inayochemka kwa saa tatu huku nguo zikianikwa sebuleni hutoa maji mengi. Feni ya jiko inayorudisha hewa chumbani haitoi mvuke nje hata kidogo. Mwongozo wa huko ni kwamba nje ikiwa kati ya nyuzi 12 na 7 chini ya sifuri, unyevu wa ndani usizidi asilimia 35. Ikifika 29 chini ya sifuri, usizidi 15. Kipimo cha unyevu ni cha bei ndogo.

Majira ya baridi yanayofuata, panda darini asubuhi ya siku kali, na tochi mkononi. Misumari ikiwa mikavu, kazi imekamilika. Ikiwa myeupe sehemu moja tu, fukua sufi chini yake. Tundu lililobaki haliko mbali na hapo.