Kununua au Kuunda: Uhakiki wa Dhana ya Hatari katika Miradi ya Programu za Serikali

Katika mijadala ya sera za TEHAMA, aghalabu hudaiwa kwamba programu iliyo tayari sokoni ina hatari ndogo kuliko ile inayoundwa mahususi kwa taasisi moja. Dai hili lina msingi, kwa kuwa programu ya sokoni imekwisha kutumiwa na wengi na kasoro zake nyingi zimejulikana. Hata hivyo, linaipima programu peke yake na kuusahau utaratibu wa kazi unaohudumiwa nayo.

Mfano wa FBI ya Marekani unaliunga mkono dai hilo kwa nusu tu. Mwaka 2005 shirika hilo liliuacha mfumo wa Virtual Case File, ulioundwa mahususi na kampuni ya nje, baada ya kutumia takriban dola milioni 170. Mahitaji yake hayakufafanuliwa vyema tangu mwanzo. Mwaka 2006 ulianza mradi wa Sentinel, uliokusudiwa kutegemea vipengele vilivyo tayari sokoni. Huo nao ulichelewa, hadi FBI ilipouchukua na kuusimamia yenyewe mwaka 2010, ikaukamilisha kwa awamu fupi fupi mwaka 2012. Kununua peke yake hakukuuokoa mradi.

Kanada inatoa mfano mzito zaidi. Phoenix, mfumo wa mishahara ulioanza kutumika Februari 2016, ulijengwa juu ya PeopleSoft, programu inayofahamika sana. Lakini malipo ya watumishi wa serikali yalitawaliwa na kanuni zaidi ya 80,000. Badala ya kanuni kurahisishwa kwanza, programu ndiyo iliyogeuzwa; baadhi ya kazi zake ziliondolewa ili kulinda bajeti, na jaribio la awali likafutwa. Makumi ya maelfu ya watumishi walilipwa pungufu, walizidishiwa au hawakulipwa kabisa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, hata kama wengine wamekilalia miaka mingi.

Hatari ya programu mahususi huelekea kujitokeza mapema, katika gharama na ucheleweshaji. Ya programu iliyonunuliwa huweza kujificha hadi siku ya uzinduzi. Na ikirekebishwa kupita kiasi, mnunuzi hubeba hatari za pande zote mbili: utegemezi kwa muuzaji na kasoro mpya zisizojulikana na yeyote.

Katika usimamizi wa fedha za umma, Kenya na Uganda zilichagua mifumo ya Oracle, ilhali Tanzania iliiacha Epicor na kuunda MUSE kwa kutumia wataalamu wa ndani. Kuuliza ni nchi ipi iliyochagua njia salama ni swali pungufu. Maswali ya msingi ni haya: ni kanuni zipi zinaweza kubadilishwa ili zifuate programu, nani ndani ya serikali ana ujuzi wa kuirekebisha, na nani ana mamlaka ya kuahirisha uzinduzi? Yasipojibiwa kabla ya mkataba kutiwa saini, atakayeumia kwanza ni mtumishi asiyeshirikishwa katika uamuzi huo.