Saa Iliyofichwa Kiganjani

Kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, barabara ya Kisumu kwenda Busia bado ni mali ya wenye miguu. Karibu na Maseno, pale inapopita Ikweta, huja binti mmoja akipanda kutoka upande wa Kisian. Ni mwanafunzi wa ualimu. Amevaa fulana iliyopauka, na ufunguo wa hosteli ameufungia ndani ya kamba za kiatu cha kushoto ili usilie njiani. Hakimbii kwa fujo. Mabega yametulia, ngumi hazikukazwa, na nyayo zake kwenye changarawe ya pembeni hutoa mchakacho mwepesi, sawasawa, usiolegea mlimani wala kuharakisha mteremkoni. Mkimbiaji hodari hujulikana kwa sikio kabla ya jicho. Saa mbili ataketi darasani kama wenzake, ameshaoga kwa ndoo na kunywa uji, na aliye jirani yake hatajua kwamba ameshavuka kilomita kumi na mbili.

Kwetu huku ziwani watu wamezoea kusema kwamba mbio ni damu. Damu hiyo wameigawa kwa ramani: mbio ni za watu wa Bonde la Ufa, sisi ni wa kandanda na mashua. Husema hivyo kwa kucheka, kisha mjadala unakwisha. Ni kweli kwamba Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya bahari, ilhali Iten, huko Bonde la Ufa, imepanda mpaka karibu 2,400. Mwanafunzi wa huku hana ile hewa nyembamba ya kumkomaza mapafu akiwa amelala. Alicho nacho ni joto, na joto halimsamehe asiyejua kazi yake. Ikifika saa nne uwanda wa Kano unawaka. Alasiri upepo wa ziwa unaingia, na wageni hudhani sasa kazi imekuwa rahisi. Mwenyeji anajua kwamba anayekimbia kuelekea Dunga, ufukweni, akipigwa na upepo usoni hana shida. Anayepikika ni yule anayerudi na upepo mgongoni, jasho halikauki, hewa imemganda mwilini. Kwa hiyo mwenyeji huenda kwa nguvu nusu, akiweka akiba ya kurudi. Mambo ya namna hiyo hayarithiwi. Mtu hufundishwa.

Nami niliona yakifundishwa. Ujanani mwangu palikuwa na mwalimu wa michezo katika chuo kimoja cha ualimu vilimani huku, mtu mkimya aliyevaa kofia ya pama hata mawingu yakitanda. Uwanja wake ulikuwa wa nyasi, mistari yake ya majivu kutoka jikoni, na mvua ikinyesha usiku wanafunzi waliichora upya asubuhi. Shingoni alining'iniza saa ya kupimia mbio kwa kamba ya kiatu. Wakati wote uso wa saa ile ulikuwa umefunikwa ndani ya kiganja chake.

Mkimbiaji akimaliza mzunguko, mwalimu hakumsomea muda. Alimuuliza neno moja tu: "Ngapi?" Kijana, kifua kinapanda na kushuka, alijibu: "Japuonj," yaani mwalimu, "sabini na sita." Hapo ndipo kiganja kilipofunguliwa. Ikiwa saa inasema sekunde sabini na sita, mwalimu aliitikia kwa kichwa kidogo na mzunguko mwingine ukaanza. Ikiwa inasema sabini na tatu, hakukaripia. Alisema tu, "Rudi, nyathina," yaani mwanangu, na kijana akarudi mstarini, mpaka mdomo na saa viseme jambo moja. Aliyekimbia sabini bila kujua kwamba ni sabini alihesabiwa kuwa hajakimbia chochote.

Muda mrefu niliuona mchezo ule kama ukaidi wa mzee. Baadaye nilielewa kwamba alikuwa akiwafundisha kujizuia, na kujizuia ndiyo roho ya mbio ndefu. Kasi kila kijana anayo, hasa wasichana wakiwa wamesimama kando ya uwanja. Kazi ngumu ni kuachwa nyuma mizunguko minne ya mwanzo na kutotaharuki, kwa kuwa unajua kwa hakika wewe uko wapi na yule aliyetangulia atakuwa wapi baada ya mzunguko wa tisa. Wanafunzi wale waliujua mwendo wao kama mvuvi wa Dunga anavyojua upepo umegeuka kabla tanga halijatikisika.

Ziwa hili lina ukoo wake katika ufundi huo, ingawa hatupendi kuuhesabu. Nyandika Maiyoro wa Kisii alikwenda Melbourne mwaka 1956, katika timu ya kwanza ya Kenya kwenye Olimpiki, akawa wa saba katika mita 5,000. Miaka minne baadaye, Rome, akawa wa sita. Naftali Temu, naye wa Kisii, aliiletea Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki mwaka 1968 huko Mexico City katika mita 10,000, akimpita Mamo Wolde wa Ethiopia karibu na mwisho. Mtu aliyemaliza nguvu zake mapema hawezi kufanya hivyo.

Kisha wakaja wanafunzi. Suleiman Nyambui wa Majita, ng'ambo ya ziwa hilihili upande wa Tanzania, alisomea chuo kikuu cha Texas huko El Paso na akatwaa fedha ya mita 5,000 Moscow mwaka 1980. Henry Rono alitoka Nandi, katika milima ile inayoonekana ukiwa Ahero na kuinua macho. Mwaka 1978, akiwa mwanafunzi wa Washington State, alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81: mita 3,000, 5,000, 10,000, na mbio za kuruka viunzi na maji. Ile ya mita 5,000, dakika 13 na sekunde 8.4, ni wastani wa sekunde 63 kwa kila mzunguko. Olimpiki hakuionja, kwa kuwa Kenya ilisusia ya 1976 na ya 1980. Alifariki mwaka 2024. Na Yobes Ondieki wa Kisii, aliyesomea Iowa State, ndiye mtu wa kwanza kukimbia mita 10,000 chini ya dakika 27, Oslo, mwaka 1993: mizunguko 25, na wastani wake haukufika sekunde 65.

Leo saa haifichwi tena. Iko mkononi mwa mkimbiaji, inazungumza na setilaiti, inamwambia kasi, mapigo ya moyo, hata saa za kulala. Siilaumu saa. Ninachokiona ni vijana wanaoitazama kila mita mia mbili, na ikizima chaji hawajui kama wanakimbia au wanatembea. Nyuma ya saa kuna haraka nyingine iliyo mbaya zaidi: wakala anayeahidi safari kabla miguu haijakomaa, na sindano inayoahidi mwezi mmoja ufanye kazi ya miaka mitano. Hali ilifika pabaya hata mwaka 2016 nchi ikalazimika kutunga sheria ya kupambana na dawa za kusisimua misuli. Sheria inaweza kumkamata mwongo. Haiwezi kumfundisha mtu subira.

Nyasi nazo zinakwisha. Viwanja vya shule na vyuo vinamegwa, mara bweni, mara maduka ya kukodisha, na kila kipande kinapokwenda tunaambiwa ni maendeleo. Kisumu tumejengewa uwanja mkubwa Mamboleo, ukapokea sherehe za Madaraka mwaka 2021, na ni jambo jema. Lakini mkimbiaji hatengenezwi mbele ya jukwaa. Hutengenezwa kwenye nyasi za kawaida, siku za kawaida, na mwalimu anayelipwa mshahara ili asimame pale kila alfajiri.

Basi kwa wakuu wa vyuo vyetu vya kando ya ziwa, na kwa wazazi wanaokaa kwenye bodi zao: msijenge juu ya uwanja uliobaki, na mkitangaza nafasi za kazi mwaka huu, mwajirini mwalimu wa mbio kabla ya kununua vifaa. Wanafunzi wenye miguu wapo. Wa kuwauliza "ngapi?" ndio tunaowakosa.