Pakiti Imepotelea Wapi? Majina ya Kikoa Yanapogoma Kwenye Seva

Mtandao ukisumbua Kampala, kidole cha kwanza huelekezwa nje. Si bure. Tarehe 18 Februari 2016, siku ya uchaguzi, mitandao ya kijamii ilizuiwa Uganda. Jioni ya tarehe 13 Januari 2021, mkesha wa uchaguzi uliofuata, intaneti ilizimwa na haikurudi hadi tarehe 18. Fundi aliyepitia siku zile, akiona seva imeshindwa kutafuta jina la kikoa, humpigia simu mtoa huduma kabla hajagusa kibodi. Mara nyingi anamwonea. Kizuizi kimo ndani ya mashine yake mwenyewe, kwenye kanuni za faiwoli, na kulithibitisha hilo ni kazi ya dakika chache.

Chukua seva ya Linux katika ofisi ya Nakasero, inayolindwa na faiwoli ya iptables. Kanuni zimekazwa: kinachoingia na kinachotoka hutupwa chote, isipokuwa kilichoruhusiwa waziwazi. Siku moja masasisho hayashuki na barua pepe zinakwama. Ukiijaribu anwani 8.8.8.8, ya seva ya majina iliyo nje, kwa amri ya ping, majibu yanarudi; ukiandika jina la tovuti, kimya. Basi njia ipo, majina ndiyo hayapatikani.

Fungua madirisha mawili. Katika la kwanza tcpdump, inayoonyesha pakiti zinazopita, isikilize poti 53, inayotumika kwa maswali ya majina. Katika la pili, iambie dig, amri ya kuulizia majina, iiulize 8.8.8.8 moja kwa moja. Hapa pana jambo ambalo kila fundi angepaswa kufundishwa mapema: tcpdump huziona pakiti zinazoingia kabla faiwoli haijazihukumu, lakini zinazotoka huziona baada tu ya faiwoli kuziachia. Kwa hiyo swali lisipoonekana kabisa, limezuiwa katika mnyororo wa OUTPUT. Swali likionekana na jibu lake likaonekana, huku dig ikiendelea kungoja mpaka ikate tamaa, jibu limefika mlangoni na kutupwa katika INPUT. Swali likitoka na kisirudi chochote, hapo ndipo unapoweza kumpigia simu mtoa huduma, tena ukiwa na ushahidi mkononi.

Hali ya pili ndiyo inayowanasa wengi. Swali la DNS, yaani la kutafuta jina, hutoka kwa UDP kwenda poti 53, likianzia poti ya juu iliyochaguliwa kwa kubahatisha. Jibu hurudi kwenye poti hiyohiyo ya juu. Aliyeruhusu kutoka tu amefanya kama askari wa geti anayemtuma mtoto dukani kisha akamfungia nje.

Dawa inayokimbiliwa ni kuruhusu kila pakiti inayokuja ikitokea poti 53. Naipinga kwa nguvu zote. Poti ya chanzo huchaguliwa na mtumaji, hivyo yeyote aliyeko duniani akituma kutoka 53 ataifikia huduma yoyote ya UDP iliyo wazi kwenye seva yako. Iachie conntrack, inayofuatilia miunganisho, kazi hiyo: kanuni moja, juu kabisa ya INPUT, inayopokea pakiti za mazungumzo ambayo seva yenyewe iliyaanzisha. Ni salama zaidi, na haihitaji kuguswa tena.

Juu kabisa, nasema, kwa sababu kanuni husomwa kwa mpangilio. Ukiiongeza kwa -A baada ya mstari unaokataa vyote, haitafikiwa kamwe; tumia -I. Kisha endesha iptables -L -n -v utazame hesabu ya pakiti kando ya kila kanuni. Ikiwa bado sifuri wakati dig inauliza, kanuni hiyo ni pambo.

Pengine dig iliyoelekezwa 8.8.8.8 inajibu vizuri, lakini programu nyingine bado hazipati majina. Tazama faili la resolv.conf. Ukikuta 127.0.0.53, maswali hupitia kwanza systemd-resolved, humohumo ndani ya seva, kwa kiolesura cha lo. Kiruhusu kuingia na kutoka.

Usiisahau TCP. Wengi hufungua UDP pekee, na majina mengi yatajibu. Lakini jibu lisipotosha katika pakiti ya UDP huja likiwa limekatwa, na seva hulazimika kuuliza upya kwa TCP kwenye poti 53 hiyohiyo. Ikiwa TCP imefungwa, baadhi ya majina hushindwa na mengine hufanya kazi, na fundi huhangaika siku nzima akilaumu tovuti za watu.

Yote yakikaa sawa, hifadhi kanuni kwenye diski, kwani zilizoandikwa kwa amri hukaa kwenye kumbukumbu tu na umeme ukikatika hupotea. Na katika faili la kanuni hizo andika anwani za IP, si majina. Kanuni yenye jina hutafsiriwa inapopakiwa. Seva ikiwaka wakati majina hayajaanza kupatikana, mstari huo mmoja hushindwa na jedwali zima halipakiwi.