Uchungu wa Uzazi katika Njia ya Misafara

Msafiri Richard Burton, aliyefika Kazeh, yaani Tabora yetu, kwa njia ya misafara mwaka 1857, aliandika katika kitabu chake cha 1860 ya kwamba mwanamke wa Kinyamwezi, saa yake ikikaribia, huingia porini, na baada ya muda si mrefu hurejea na mtoto mgongoni ndani ya ngozi ya mbuzi, pengine na mzigo wa kuni kichwani. Habari hii imewaghuri wengi, wakadhani kuzaa bila ya dawa ya maumivu ni tabia ya wanawake wa bara wala si maarifa. Lakini msomaji mwenye insafu atatambua kuwa msafiri yule alihadithia kwenda na kurudi tu, na ya katikati hakuwa mtu wa kuonyeshwa.

Ya katikati ndiyo fani yenyewe. Mfuko wa uzazi hukaza na kulegea kwa zamu, na katika kule kulegea mzazi hupata faraja. Hofu ikimshika, viungo hukakamaa, maumivu yakazidi, nayo maumivu yakaizidisha hofu. Mzunguko huu aliubainisha tabibu Mwingereza, Grantly Dick-Read, katika kitabu chake cha 1942, kisha Fernand Lamaze wa Paris, aliyekwenda kujifunza kwa Warusi mwaka 1951, akatilia mkazo mazoezi ya pumzi. Basi mja mzito hufundishwa mapema daraja za uchungu, kutoa pumzi taratibu, kulegeza taya na mabega, kukandwa kiuno kwa kitambaa cha moto, na hasa kutolala chali. Kwani tafiti zilizokusanywa mwaka 2013 zilidhihirisha kuwa kusimama na kutembea hufupisha hatua ya kwanza ya uchungu kwa kadiri ya saa 1 na dakika 20.

Ila mafunzo haya aghalabu humponyoka aliyeachwa peke yake, na wodi zetu finyu, zisizo na mapazia, zilikuwa zikimbakisha mlangoni mama au somo aliyemsindikiza. Huko Kigoma, njia ile ile ya misafara inakoishia ziwani, shirika la Thamini Uhai lilijaribu kuanzia 2016 hadi 2018, katika vituo 9 vya serikali, kumrudisha mwenzi huyo kitandani: kwingine mzazi alimchagua mwenyewe, kwingine aliitwa mwanamke aliyewekwa tayari kwa kazi hiyo. Kumkanda mgongo, kumtembeza, kumnywesha na kumwita mkunga si mambo makubwa, nami naona ndiyo yaliyokosekana. Shirika la Afya Duniani nalo liliusia mwenzi wa namna hiyo mwaka 2018.

Mwenzi huyo, hata hivyo, asije na mitishamba ya kuongeza uchungu, ambayo yaweza kuupasua mfuko wa uzazi. Na damu ikitoka kwa wingi, au uchungu ukikawia kupita kiasi, ni wajibu wake kumwita mkunga papo hapo, ili mzazi apelekwe hospitali kubwa, kama Kitete kwa watu wa Tabora, badala ya kuhimizwa kuvuta pumzi.