Kozi ya Kwanza

Ukuta wa matofali ya kufungamana huamuliwa chini kabisa, kwenye kozi ya kwanza. Fundi anayeijua kazi huipanga kwanza kavu, tofali kwa tofali, kona hadi kona, aone kama urefu wa chumba unapokea matofali mazima na nusu bila kukata. Kisha anaiondoa, anatandaza saruji juu ya msingi na kuirudisha, safari hii kwa uzi na pima maji, akigonga taratibu kwa mpini wa nyundo mpaka povu litulie katikati. Anaweza kumaliza nusu siku hapo, na mwenye nyumba akadhani anachezewa. Lakini kuanzia kozi ya pili hakuna tena saruji ya kusahihishia. Ulimi wa tofali moja unaingia kwenye tundu la jingine, na kosa la unene wa kucha lililoachwa chini linapanda na ukuta hadi kwenye renta. Simion Kintingu, aliyeandika tasnifu ya udaktari kuhusu matofali haya katika Chuo Kikuu cha Warwick, Uingereza, mwaka 2009, alilichunguza jambo hilo kwa vipimo: jinsi kasoro ndogo za tofali moja moja zinavyojumlishwa hadi ukuta ukainama.

Matofali haya hutangazwa kwa bei, na hoja ya bei ni ya kweli. Tofali lililoenezwa na Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi lina urefu wa sentimita 30, upana 15 na kimo 10. Mita ya mraba ya ukuta inakula matofali 33 hivi, na kati yao hakuna saruji. Kwa mtu wa Kirumba, jijini Mwanza, hesabu hiyo ina uzito wa kichwani. Nyumba nyingi za vilimani zimesimama kati ya majabali ambako gari halifiki; kila ndoo ya mchanga, kila mfuko wa saruji, kila dumu la maji hupandishwa na mtu, na kila safari inalipwa. Ukuta usiotaka saruji katikati, na unaoweza kukaa bila lipu, umepunguza safari hizo kabla fundi hajataja bei yake. Hata hivyo, anayelisifu tofali hili kwa unafuu tu analipunja. Sifa yake kubwa ni kwamba linamnyima mjenzi mahali pa kujificha. Ukuta wa bloku unaweza kupinda, viungo vikawa vinene huku na vyembamba kule, kisha lipu ikafunika yote na mwenye nyumba akafurahi. Ukuta wa kufungamana unabaki na uso wake, na aliyeharakisha ataonekana kwa miaka.

Uso huo hautokani na mashine. Unatokana na udongo, na hapa watu wa kanda hii walikuwa na elimu ambayo tunaiacha ipotee kizembe. Mkulima wa Kisukuma hasemi udongo tu: ana luseni, mchanga mwepesi, ana kikungu, mwekundu, ana itogolo, wenye tabaka gumu, ana mbuga, mweusi unaopasuka kiangazi na kunasa magurudumu masika. Majina hayo yalitungwa kwa ajili ya mazao, lakini mfyatuaji wa matofali angefanya vyema kuyajua, maana mwekundu wenye mchanga wa kutosha huridhika na saruji kidogo, na ule mweusi utameza mfuko baada ya mfuko na bado tofali lipasuke. Asiye na majina ana kisanduku cha mbao, urefu wa sentimita 60, upana na kina sentimita 4. Udongo uliolowa unashindiliwa humo, unaachwa ukauke, unasukumwa upande mmoja, kisha pengo linapimwa kwa rula. Pengo likiwa pana, saruji iongezwe au udongo utafutwe kwingine. Siku ya kufyatua kuna kipimo cha mkono: mchanganyiko unafinywa kuwa bonge na kuachiwa lianguke kutoka usawa wa bega. Likisambaratika kama unga, ni kavu mno. Likibonyea kama ugali, lina maji mengi. Likivunjika mapande manne matano, mashine ishuke. Baada ya hapo tofali linakaa kivulini, limefunikwa nailoni, likimwagiliwa wiki nzima, na linaachwa likomae siku 28.

Mashine mama ya haya yote si ya huku. Ilibuniwa na Raúl Ramírez mjini Bogotá, Kolombia, miaka ya 1950, nayo ilifyatua tofali la kawaida la udongo na saruji. Ulimi na tundu vilikuja baadaye. Huko Makerere, Uganda, Dk. Moses Musaazi akalipinda tofali la kufungamana liweze kujenga matangi ya maji ya mviringo. Kwetu ukanda wa ziwa lina hoja moja ya ziada, nayo ni tanuru. Tofali la kuchoma linakula kuni, na miti ya Usukumani ilikwisha pungua kiasi kwamba mwaka 1986 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ili kurudisha misitu na ngitili, yaani malisho yaliyotengwa na kuhifadhiwa. Tofali la kufungamana halichomwi.

Wanaolipinga wana hoja zisizostahili kubezwa. Wanataja maji: Mei 2020 Ziwa Victoria lilivuka rekodi ya mwaka 1964, sasa nani ajenge kwa udongo? Lakini hakuna tofali la aina yoyote linalopaswa kukalishwa majini. Msingi uwe wa mawe, ambayo Mwanza haijawahi kuyakosa, upande juu kuliko matone ya mvua yanavyoruka, na paa litokeze. Wanataja tetemeko la Kagera la 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9. Kweli, ulimi na tundu peke yake havitoshi. Ila matundu ya wima ndani ya tofali yamewekwa tayari kupokea nondo na zege kwenye kona na kando ya milango. Asiyetia nondo asililaumu tofali. Iliyo ngumu ni hoja ya tatu: Kirumba ni mawe, udongo uko wapi? Utatoka nje ya mji, kama mchanga unavyotoka, au matofali yafyatuliwe huko na kupandishwa tayari, na hapo faida inapungua. Juu ya jabali tupu, jiwe lenyewe huenda likalishinda tofali lolote.

Kinachosikitisha hakimo katika hoja hizo. Mashine zinakodishwa kwa siku, na anayekodi kwa siku anahesabu matofali, hahesabu pengo la kisanduku. Udongo unapimwa kwa toroli, idadi ileile kwa kila mfuko, uwe kikungu uwe mbuga. Matofali yanapakiwa yangali na unyevu, kingo zinamong'onyoka njiani, ulimi haukai tena kwenye tundu, na fundi anatia saruji katikati ili asawazishe. Saruji iliyookolewa imerudi kwa mlango wa nyuma. Halafu inaletwa lipu, hata juu ya ukuta uliotoka vizuri, kwa kuwa jirani ana lipu, na kwa kuwa rangi ya ardhi inaitwa ya kimaskini na wajukuu wa watu waliosiliba nyumba zao kwa ardhi hiyohiyo. Juu ya lipu, rangi ya maziwa. Masika mawili yakipita, lipu inaanza kubanduka chini ya dirisha, na pale ilipoanguka zinaonekana kozi tano sita zilizonyooka, mstari juu ya mstari, zilizobanana kiasi kwamba kucha haipiti kati yake.