Sumu ndani ya yai viza: jinsi ndege wa Kau wanavyoweza kupimwa

Maji yanayopita Kau, katika delta ya Mto Tana, kabla ya Mto Ozi kuingia baharini pale Kipini, yametoka mbali: Mlima Kenya na safu ya Aberdare. Njiani yamepokea mito ya Thika yenye viwanda na mifereji ya mpunga ya Mwea, yakatuama katika mabwawa kuanzia Masinga hadi Kiambere, kisha yakapita Hola na Garsen. Mwari, mnandi na furukombe wa delta hula samaki wa maji hayohayo. DDT na misombo ya PCB haiyeyuki vizuri majini, bali katika mafuta. Hupanda kutoka mwani hadi mdudu, samaki na ndege, ikizidi kila hatua. Kiasi kisichoonekana katika lita moja ya maji hupimika waziwazi katika yai la ndege mla samaki.

Nchini Kenya njia hiyo ya kufuatilia sumu hadi kwa ndege ilifuatwa katika Ziwa Nakuru. Mwaka 1972 Koeman na wenzake walichapisha uchunguzi wa awali wa metali na viuatilifu vya klorini ziwani humo, na mwaka 1978 Greichus na wenzake wakatoa vipimo vya viuatilifu, PCB na metali. Thamani ya kazi ya Greichus ni kwamba ilipima ngazi kadhaa za mlo wa ziwa, hadi kwa ndege, hivyo kiasi kilichomo katika ndege kikaweza kulinganishwa na cha chakula chake. Nakuru, hata hivyo, ni ziwa lisilo na mto unaotoka, na kinachoingia hubaki. Kau hupata mafuriko ya mto na maji kujaa na kupwa, na mwari mzima huenda amekula kwingine kabisa. Ndiyo maana kinda ambaye hajaruka ni shahidi bora kuliko mzazi wake: kwa kawaida amelishwa samaki waliovuliwa karibu zaidi na kiota.

Yai viza, lile lililoshindwa kuanguliwa, huchukuliwa bila kupunguza kizazi. Nalo lina mtego wake, kwa sababu limekauka juani. Yai la furukombe lenye urefu wa sentimita 7 na upana wa 5.3 lina ujazo wa karibu sentimita 100 za ujazo (0.51 × 7 × 5.3 × 5.3), yaani lilipotagwa lilikuwa na takriban gramu 100. Likibaki gramu 80 na maabara ikakuta mikrogramu 4 za DDE (kinachobaki DDT ikivunjika) kwa kila gramu, kiasi halisi cha yai bichi ni 3.2. Asiyesahihisha huona sumu kubwa kuliko iliyopo.

Maabara husaga sampuli, huivuta kwa heksani, huondoa mafuta, kisha huipitisha katika kromatografia ya gesi. Pamoja nayo hupita sampuli tupu na nyingine iliyotiwa kiasi kinachojulikana, ili ijulikane kama mashine inasema kweli.

Kupata kemikali hakuthibitishi madhara. DDE hudhoofisha upitishaji wa kalsiamu kwenye tezi ya ganda. Ratcliffe alionyesha mwaka 1967, kwa makusanyo ya zamani ya Uingereza, kwamba maganda ya mayai ya kozi yalikuwa yamepungua uzito tangu mwishoni mwa miaka ya 1940. Ganda nalo, basi, ni lazima lipimwe. Kwa kiuatilifu kiitwacho kabofurani mambo hugeuka. Huko Bunyala, magharibi mwa Kenya, wategaji waliitia katika konokono ili kuua korongo mwenye mdomo ulioachana katikati, ambaye pia huishi katika delta ya Tana. Sumu hiyo huvunjika upesi, na yai haliwezi kuisimulia. Hutafutwa katika firigisi, na ubongo hupimwa kimeng'enya cha asetilikolinesterasi: kikishuka kwa zaidi ya nusu ya kiwango cha kawaida, sumu hiyo huchukuliwa kuwa chanzo cha kifo. Kosa kubwa katika kazi hizi ni kuchagua kiungo kabla ya kujua sumu inayotafutwa.

Ini na ubongo vyataka barafu mara moja, na kutoka Kau hadi maabara ni safari ndefu. Unyoya hauhitaji barafu: ndani ya bahasha ya karatasi hutunza zebaki, mojawapo ya metali zenye sumu, kwa miongo mingi. Kwa Kau, unyoya wa kinda na yai viza ndivyo vya kuanzia.