Kitenzi cha Celeste

Mara ya kwanza Celeste Wright anafika kwa Dkt. Amanda Reisman, mshauri wa ndoa, akiwa na mumewe Perry. Baadaye anakuja peke yake, lakini anaendelea kusema kama waliokuja wawili. Sisi tuna hasira. Sisi hukorofishana. Anazungumza Kiingereza, ila anayemsikiliza kwa sikio la Kiswahili anaing'amua hila upesi, maana sarufi yetu ina mahali pake maalumu: Celeste anasema "tunapigana" pale panapotaka "ananipiga". Kiambishi kimoja, -an-, kinaligawa kosa nusu kwa nusu kati ya mwenye ngumi na mwenye jeraha. Uaminifu wake kwa mumewe umekaa hapo, ndani ya kitenzi.

Tamthilia yenyewe ni *Big Little Lies*, msimu wa kwanza wa sehemu saba zilizorushwa na HBO mwaka 2017, zikiandikwa na David E. Kelley kutokana na riwaya ya Liane Moriarty na kuongozwa zote na Jean-Marc Vallée. Wengi waliitazama kwa ajili ya fumbo la mauaji. Mimi hurudia vile vikao vya ushauri. Kamera imetulia juu ya uso wa Nicole Kidman, kimya kinarefuka, na macho yake yanahama kabla midomo haijapata jibu la kutoa. Reisman, anayechezwa na Robin Weigert, haipokei "sisi" anayopewa. Kila swali lake linamrudisha Perry mahali pa mtenda.

Katikati ya maneno hayo Vallée anachopeka picha fupi mno, nyingine za kupepesa jicho tu: mkono, ukuta, mawimbi ya Monterey, mji wanamoishi. Hazitangulizwi na dalili zozote za kumbukumbu tulizozoea kwenye filamu, ule ukungu au muziki wa kuashiria zamani. Zinaingia wakati sentensi ya Celeste bado inaendelea, na zinaikanusha. Hapo uhariri umekuwa shahidi. Mke anakata vipande vya maisha yake ili ndoa ipate kusimulika mbele ya mgeni, na mhariri anavirudisha vilevile alivyovikata. Sijui namna nyingine ambayo ingetuonyesha mtu anayedanganya kwa upendo bila kumdhalilisha. Tunauona uongo na tunaiona gharama yake kwa wakati mmoja.

Na upendo upo, jambo ambalo tamthilia ina ujasiri wa kulikubali. Alexander Skarsgård hamchezi Perry kama zimwi. Akirudi safarini watoto wanamrukia, naye analia anapoomba radhi. Nyumba yao imejaa vioo vinavyotazama bahari, ungedhani hakuna kinachoweza kufichika humo. Stara inatoka kwa Celeste mwenyewe, kwa vipodozi juu ya michubuko na kwa tabasamu mbele ya marafiki.

Celeste aliacha uwakili ili alee mapacha wake, Max na Josh. Kwa hiyo Reisman anapombana kwamba hajamwambia rafiki hata mmoja, na kwamba siku ya kugombania watoto mahakamani hatakuwa na wa kumtolea ushahidi, maneno yanamwingia kwa lugha ya kazi yake. Siri aliyodhani inailinda familia imemnyima ushahidi. Anaambiwa apange nyumba nyingine na ajaze jokofu chakula. Ushauri huo wa jokofu hunigusa kuliko hotuba yoyote, kwa sababu kuondoka kumegeuka kazi ya mikono.

Kuna jambo moja analoshikilia kwa nguvu: watoto hawajui. Sehemu ya mwisho inamjibu kwa sauti, pale kipigo kinapopita kwenye tundu la hewa na kufika walipo mapacha. Kisha tunafahamu kwamba aliyekuwa akimuumiza Amabella, msichana wa darasa lao, shuleni ni Max.

Kinachonisumbua ni hitimisho. Perry anatambuliwa na Jane, rafiki wa Celeste, kuwa ndiye aliyembaka, na papo hapo Bonnie, mama mwingine wa shuleni, anamsukuma ngazini. Sadfa hii inampora Celeste tendo ambalo jokofu lile lilikuwa limemwandalia. Alikuwa anaondoka kwa miguu yake, na hadithi ikamwondolea mume kwa niaba yake.

Lakini hata hapo Vallée hajamaliza na sarufi. Polisi wanapouliza, wanawake wote waliokuwepo wanatoa kauli moja: alianguka. Ni kitenzi kisicho na msukumaji. Celeste ametoka kwenye "tunapigana" na kuingia kwenye "alianguka", kutoka kumsitiri mume hadi kumsitiri rafiki, na safari hii hasitiri peke yake. Katika picha za mwisho wanawake hao wako ufukweni na watoto wao, jua linawaka, na kutoka mbali kuna anayewatazama kwa darubini. Kinasikika kiberiti cha gesi kikifunguliwa na kufungwa.